Kusomea taaluma ya habari sekondari pevu: Yanayofaa kujulikana na wazazi wa Thika na Ruiru

MWANAFUNZI wa Gredi ya 9 anayeishi Makongeni mjini Thika, au Kihunguro mjini Ruiru, anapotangaza nyumbani kwamba ndoto yake ni kuwa mtangazaji, wazazi wengi huwa na jibu tayari. Mmoja humwambia achague mkondo wa Sanaa, kwa kuwa utangazaji ni kipawa. Mwingine humwonya aachane na mchezo huo, asome Sayansi kwanza, mambo ya redio yatakuja baadaye. Wote wawili wanaweza kumpotosha mtoto bila kukusudia, kwa sababu somo wanalolizungumzia limewekwa mahali ambapo wengi hawalitafuti.

Chini ya Mtaala wa Umilisi (CBC), somo la Teknolojia ya Vyombo vya Habari limo katika mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati (STEM), pamoja na ufundi wa umeme, ujenzi, mbao na vyuma. Somo la Maigizo na Filamu, ambalo ni jirani yake wa karibu, limo katika mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Asiyeijua tofauti hiyo huenda akajaza fomu ya kuchagua masomo akidhani amempeleka mwanawe studioni, kumbe amempeleka jukwaani, au kinyume chake.

Uamuzi huo una uzito. Ni miaka 3 ya masomo na ya karo, na kuurekebisha baadaye si rahisi.

Mikondo na masomo

Sekondari pevu ni miaka 3 ya mwisho ya shule, yaani Gredi ya 10, ya 11 na ya 12, katika mfumo wa 2-6-3-3-3 unaochukua nafasi ya 8-4-4. Wanafunzi wa kwanza wa mfumo huo walifanya mtihani wa kukamilisha sekondari msingi (KJSEA) mwishoni mwa 2025, na Januari 2026 wakaingia Gredi ya 10. Wanatarajiwa kumaliza Gredi ya 12 mwaka wa 2028. Kundi la mwisho la 8-4-4, lililojiunga na Kidato cha Kwanza 2024, linatarajiwa kufanya mtihani wa KCSE 2027. Kwa muda huo, mifumo miwili inaishi chini ya paa moja.

Kila mwanafunzi wa sekondari pevu husoma masomo 7. Manne ni ya lazima: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na Mafunzo ya Huduma kwa Jamii. Hapo awali Hisabati haikupangwa kuwa ya lazima kwa wote, lakini mnamo 2025 Wizara ya Elimu ilibadilisha msimamo huo baada ya malalamiko ya umma. Walio katika STEM husoma Hisabati ya kina, na wengine husoma ile ya msingi.

Masomo 3 yanayosalia ndiyo ya kuchaguliwa, na huchaguliwa kutoka mikondo mitatu: STEM, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Serikali ilikadiria kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wangeelekea STEM, asilimia 25 Sayansi ya Jamii, na asilimia 15 Sanaa na Michezo.

Milango mitatu ya kuingilia

Mwanafunzi anayelenga kazi ya habari ana milango mitatu, na kila mmoja una faida na gharama zake.

Mlango wa kwanza ni Teknolojia ya Vyombo vya Habari. Huu unamfaa anayependa kujua jinsi kazi inavyotengenezwa: kamera inavyopokea mwanga, sauti inavyonaswa na kusafishwa, picha zinavyounganishwa hadi zikawa taarifa moja, na ukurasa unavyopangwa. Anayebaki nyuma ya kamera kwa hiari yake, au anayefungua redio iliyoharibika ili aone kilichomo, atajikuta nyumbani hapa.

Mlango wa pili ni Maigizo na Filamu. Huu ni wa msimulizi: anayetunga hadithi, anayeigiza, anayeongoza wenzake, anayeandika mazungumzo ya wahusika. Si jambo geni kabisa kwa shule za Kenya. Kwa miongo mingi tamasha za kitaifa za drama zimewapa wanafunzi jukwaa, na katika miaka ya karibuni filamu imeongezwa miongoni mwa vitengo vya mashindano. Jambo jipya ni kwamba kazi hiyo, iliyokuwa ikifanywa jioni baada ya masomo, sasa ni somo lenye nafasi yake katika ratiba.

Mlango wa tatu husahaulika zaidi, nao ni Sayansi ya Jamii. Humo mna Fasihi ya Kiswahili, Fasihi ya Kiingereza, lugha za kiasili na za kigeni, Historia na Uraia, Jiografia na Elimu ya Biashara. Ripota wa mahakama, mhariri wa gazeti au mwandishi wa habari za uchumi anaweza kuwa hajawahi kugusa kamera akiwa shuleni. Alichohitaji ni lugha, kumbukumbu ya historia na uwezo wa kusoma takwimu. Mzazi ambaye shule iliyo karibu naye haina studio asikate tamaa kabla ya kuuangalia mlango huu.

Yaliyokuwapo kabla

Ni kweli kwamba 8-4-4 haikuwa na somo la habari linalojitegemea. Hata hivyo, chembechembe zake zilikuwa ndani ya somo la Kiswahili. Katika karatasi ya insha, watahiniwa wa KCSE wamekuwa wakitakiwa kuandika ripoti, tahariri, mahojiano au tangazo. Katika sehemu ya isimujamii, wamekuwa wakipewa kifungu cha maneno na kuulizwa ni sajili gani. Aliyewahi kuieleza sajili ya utangazaji wa mpira, pamoja na sentensi zake fupi na msisimko wake, alikuwa akijifunza uchambuzi wa habari bila kuambiwa hivyo.

Kaunti ya Kiambu, iliyo na miji ya Thika na Ruiru, ina historia yake katika kazi hii. Gazeti la Muigwithania, lililoanzishwa 1928 na chama cha Kikuyu Central Association, lilihaririwa na Jomo Kenyatta, mwenyeji wa Gatundu, magharibi mwa Thika. Miaka 17 baadaye, yaani 1945, Henry Muoria kutoka upande wa Kabete alianzisha gazeti la Mumenyereri. Muoria alikuwa mfanyakazi wa reli, na uandishi wa habari aliusomea kwa njia ya posta, akipokea mafunzo kutoka Uingereza. Gazeti lake lilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni 1952, hali ya hatari ilipotangazwa.

Kisa cha Muoria kinafundisha jambo moja. Hakuwa na studio, mwalimu wa ana kwa ana wala somo katika ratiba. Alikuwa na lugha, na alikuwa na watu waliokuwa na jambo la kusema. Vifaa husaidia, lakini havikuwa mwanzo wa kazi yake.

Thika na Ruiru zina nini

Kwa upande wa vyuo, ni sehemu chache za nchi zilizobahatika kama ukanda huu. Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichopewa hati 2011, kina makao makuu mjini Thika. Chuo Kikuu cha Zetech, kilichopewa hati 2022, kiko Ruiru. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa, mwendo mfupi kutoka Ruiru. Vyote vitatu hufundisha taaluma ya habari na mawasiliano. Kati ya miji hii miwili, huko Juja, kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Barabara Kuu ya Thika, iliyozinduliwa 2012, imeyaleta mashirika ya habari ya Nairobi karibu zaidi.

Miji yenyewe imejaa habari. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru na 251,407 mjini Thika. Ruiru ina kituo cha utafiti wa kahawa, na jina la mji huo limebebwa na mbegu ya Ruiru 11 iliyotolewa kwa wakulima 1985. Leo mashamba mengi ya kahawa yaliyouzunguka mji huo yamegeuka kuwa ploti na majumba ya kukodisha. Thika ina viwanda, mashamba ya mananasi, mto Chania na mto Thika, na mtaa wa mabanda wa Kiandutu usio mbali na viwanda hivyo. Mwanafunzi mwenye kinasa sauti na maswali mazuri hatakosa cha kuripoti kuhusu maji, ardhi, ajira au usafiri.

Pengo liko kati ya vyuo hivyo na mitaa hiyo, yaani ndani ya shule za sekondari. Somo linaweza kuwa katika orodha ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) na lisiwe katika ratiba ya shule iliyo jirani.

Kwa nini shule si sawa

Shule za sekondari pevu zimepangwa katika makundi manne, kuanzia C1 hadi C4. Kundi la C1 lina zile zilizokuwa shule za kitaifa, na C4 zile za kaunti ndogo, nyingi zikiwa za kutwa. Kila shule ilitakiwa kuwa na mkondo wa STEM pamoja na angalau mmoja mwingine. Zilizo na mikondo miwili kwa kawaida hutoa STEM na Sayansi ya Jamii. Mkondo wa Sanaa na Michezo hupatikana katika shule zenye mikondo yote mitatu, ambazo ni chache zaidi.

Maana yake kwa mwanafunzi ni kwamba Maigizo na Filamu hayapatikani kila mahali. Hata Teknolojia ya Vyombo vya Habari, ingawa imo katika STEM iliyoko kila shule, si lazima ifundishwe. Shule inaweza kutimiza masharti ya STEM kwa Fizikia, Kemia, Biolojia na Kilimo tu. Masomo ya kiufundi huhitaji vyumba, vifaa na walimu waliofunzwa.

Mfano wa karibu ni Shule ya Upili ya Mang'u, isiyo mbali na mji wa Thika. Kwa miaka mingi imejulikana kwa kufundisha somo la usafiri wa ndege. Somo hilo lilikuwa katika orodha ya kitaifa, lakini shule zilizoweza kulifundisha zilihesabika kwa vidole, kwani kulihitajika karakana na walimu. Somo la habari likiachwa hivyo, litakuwa fahari ya shule chache na jina tu kwa nyingine.

Kuna kizuizi kingine kisichotajwa sana. Shule nyingi za bweni nchini haziruhusu wanafunzi kuwa na simu za mkononi. Sababu zake zinaeleweka, lakini simu ndiyo kamera na kinasa sauti pekee ambacho familia nyingi zinamiliki. Shule isiyonunua vifaa vyake yenyewe itakuwa inafundisha kuogelea kwenye ubao.

Afadhali gharama ya kuanzia si kubwa kama inavyodhaniwa. Redio ya shule inaweza kuanza kwa chumba kimoja chenye mapazia mazito au blanketi ukutani za kuzuia mwangwi, vipaza sauti viwili, tarakilishi moja na programu ya bure kama Audacity. Taarifa zikirekodiwa zinaweza kusomwa kwa spika ya shule wakati wa gwaride. Gazeti la ukutani halihitaji hata umeme. Kinachogharimu zaidi ni mwalimu anayejua kusahihisha kazi hiyo, na hapo ndipo vyuo jirani vinaweza kusaidia kwa kuwatuma wanafunzi wao wa mazoezi.

Somo lenye sheria ndani yake

Mzazi asidhani kwamba hili ni somo la kuchezea kamera. Anayechapisha habari za watu huingia moja kwa moja katika sheria. Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza katika Kifungu cha 33, uhuru wa vyombo vya habari katika Kifungu cha 34, na haki ya kupata habari katika Kifungu cha 35. Kifungu hicho cha 33 kinasema pia kwamba uhuru huo hauhusishi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inagusa matumizi ya picha na taarifa za watu, na watoto wana ulinzi wa ziada. Wanafunzi wenyewe wengi wao ni watoto kisheria, na wanaowarekodi shuleni ni watoto vilevile. Ruhusa ya mzazi na ya shule ni jambo la siku ya kwanza.

Kuna pia swali la ni nani anayeamua mwanafunzi aseme nini. Mnamo Aprili 2025, mchezo wa Shule ya Wasichana ya Butere uitwao Echoes of War ulizua mvutano wa kitaifa. Mahakama Kuu iliagiza wasichana hao waruhusiwe kushiriki tamasha za kitaifa za drama mjini Nakuru. Walipofika, waliimba wimbo wa taifa kisha wakaondoka bila kuigiza, na polisi wakatumia vitoa machozi nje ya ukumbi. Wakenya walitofautiana kuhusu mchezo huo, lakini tukio hilo lilionyesha kwamba kazi ya wanafunzi inaweza kuchukuliwa kwa uzito mkubwa kuliko walivyotarajia walimu wao. Shule inayofundisha filamu au habari inafaa kuwa na utaratibu ulioandikwa mapema: nani huhariri, kwa misingi ipi, na mwanafunzi asiporidhika aende kwa nani.

Faida ya somo haiishii kwa wanaotaka ajira. Kijana aliyejifunza kuuliza picha hii imepigwa lini, nani ameisambaza na kwa nini, hadanganywi kwa urahisi na ujumbe wa WhatsApp au video iliyotengenezwa kwa akili unde. Ujuzi huo ungemfaa hata anayekwenda kuwa daktari au fundi wa magari.

Baada ya Gredi ya 12

Cheti cha sekondari pevu pekee hakimfanyi mtu kuwa mwanahabari. Baraza la Vyombo vya Habari, linaloendesha kazi yake chini ya sheria ya 2013, ndilo linalotoa vitambulisho kwa wanahabari, na mafunzo ya chuo ndiyo njia ya kawaida ya kufika huko. Mbali na vyuo vya ukanda wa Thika, kuna Taasisi ya Mawasiliano ya Umma (KIMC) jijini Nairobi iliyoanza 1961, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoanza kufundisha uanahabari 1970. Chini ya 8-4-4, vyuo vimekuwa vikitazama kwa makini alama za Kiingereza na Kiswahili za anayeomba nafasi. Hakuna dalili kwamba lugha zitapungua umuhimu, kwa kuwa bado ni za lazima katika mikondo yote.

Ukweli kuhusu ajira pia usifichwe. Mashirika makubwa ya habari nchini yamepunguza wafanyakazi katika miaka ya karibuni, matangazo ya biashara yakihamia mitandaoni. Wakati uo huo, kaunti, makanisa, mashirika ya kijamii na kampuni za kibinafsi zinahitaji watu wa kupiga picha, kuandika na kuhariri video. Mwanafunzi anayeingia akitazamia kusoma habari za saa moja jioni peke yake anaulenga mlango mwembamba. Anayeingia ili ajue kazi nzima ana milango mingi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuchagua

Wanafunzi wa kwanza walipochagua shule 2025, kila mmoja alitakiwa kutaja shule 12 kulingana na masomo aliyoyapendelea. Baada ya matokeo kutoka, ulitolewa muda mfupi tu wa kuomba kubadilishiwa shule. Kwa hivyo maswali yafaa kuulizwa mapema, ikiwezekana kwa kuitembelea shule yenyewe.

Kwanza, je, shule inafundisha Teknolojia ya Vyombo vya Habari au Maigizo na Filamu sasa hivi, au inatarajia tu kuanza? Pili, ni mwalimu gani anayefundisha, na amesomea nini? Tatu, kuna vifaa vingapi, na wanafunzi wangapi huvitumia kwa wiki? Nne, somo hilo limeunganishwa na masomo gani mengine mawili, na je, muunganiko huo unamwachia mtoto njia nyingine akibadili nia? Tano, je, shule ina gazeti, redio au chama cha filamu kinachofanya kazi, na mgeni anaweza kuonyeshwa kazi ya muhula uliopita?

Jibu la swali la tano lina uzito wa pekee. Shule inaweza kuahidi studio, lakini kazi ya wanafunzi haidanganyi. Ikiwa kuna ukurasa ulioandikwa vizuri ukutani, au taarifa ya dakika 3 kuhusu bei ya mboga katika soko la Jamhuri iliyorekodiwa kwa sauti safi, basi somo lipo hata kama vifaa ni vichache.

Na ikiwa hakuna shule ya karibu yenye somo hilo, mtoto wa Thika au Ruiru bado anaweza kuchukua Fasihi, lugha na Historia, akajiunga na chama cha uandishi, na akaingia chuoni akiwa na msingi imara. Kuuliza si ujinga, na mzazi anayeuliza katika Gredi ya 9 humwondolea mwanawe majuto katika Gredi ya 12.